Farasi, Tandiko na Ngata katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Mwalimu asomaye Waraka wa Yakobo, mlango wa 3, pamoja na wanafunzi wake katika shule ya Nachingwea au Ruangwa, hukutana na habari za farasi na lijamu itiwayo kinywani mwake. Hapo huulizwa, "Lijamu ni kitu gani?" Naye pengine hujibu upesi, "Ni chuma," akaendelea na somo. Jibu hilo si uongo, lakini halitoshi. Maana ndani ya swali la mtoto limo swali jingine: kwa nini katika nchi hii, yenye majani mengi, haikuwako desturi ya kupanda farasi? Swali hilo ndilo nitakalojaribu kulijibu hapa, na njia ya kulijibu ni kueleza kwanza jinsi mwana wa farasi afundishwavyo kutandikwa.

Farasi hazaliwi na tandiko mgongoni. Mama yake humchukua mimba muda wa miezi 11. Na akiisha kuzaliwa, wafugaji wenye busara humwacha akue, mifupa yake ipate nguvu, mpaka afikie umri wa miaka 3 hivi. Wengine hungoja hata mwaka wa 4. Na hapo kazi haianzi kwa tandiko, huanza kwa mkono. Mwana wa farasi huzoezwa kuguswa shingo, mgongo, tumbo na miguu, hata asishtuke. Kisha hufungwa kamba kichwani, akaongozwa na mtu aendaye kwa miguu. Kisha huzungushwa katika duara kwa kamba ndefu, ajifunze kuitii sauti imwambiayo nenda au simama. Ndipo hutiwa lijamu, nayo haivutwi kwa nguvu, bali huachwa kinywani aizoee.

Baada ya hayo huwekewa nguo mgongoni, na siku nyingine tandiko. Mkanda upitao chini ya tumbo lake hukazwa kidogo kidogo. Ukikazwa kwa ghafula, huruka na kupiga mateke. Akiisha kutulia, mtu mwepesi hujilaza juu ya mgongo wake kwa tumbo, kama mzigo, kisha hushuka. Hufanya hivyo tena na tena, na mwisho hupitisha mguu upande wa pili, akaketi. Siku hiyo ya kwanza huenda naye hatua chache tu, akashuka, akamsifu. Kosa la siku moja, kama kumchapa kwa hasira, huweza kumtia hofu ya miaka mingi. Kwa hiyo kazi hii haitaki haraka. Huchukua majuma mengi, na mara nyingi miezi. Yampasa mfundishaji awe na saburi, na farasi awe na afya.

Huko Unguja nafasi hiyo ilipatikana. Seyyid Said alikuwa na farasi wa Kiarabu, na merikebu yake Sultana ilipofika New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi alizompelekea mkuu wa Marekani walikuwamo farasi wawili. Binti yake, Seyyida Salme, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa mfalme, wavulana kwa wasichana, walivyofundishwa kupanda. Lugha nayo yashuhudia njia aliyoijia mnyama huyu. Majina yaliyokuja pamoja naye ni ya Kiarabu: farasi, lijamu, hatamu, na seruji, yaani kiti cha farasi. Lakini pale watu wa pwani walipotumia maneno yao wenyewe, waliyatwaa katika mambo ya nyumbani. Kutandika ni neno la kitanda. Kupanda ni neno la mti na la kilima. Na kile kipande cha chuma akanyagacho mpandaji kiliitwa kikuku, kama pambo la mkononi au mguuni.

Lakini tuache pwani, tupande bara kutoka Lindi. Humo porini yumo ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o. Aumapo mnyama, huweza kumtia damuni vijidudu vya ugonjwa uitwao nagana. Mnyama hukonda, nguvu humwishia, mwisho huanguka asiinuke. Nyati na pofu huwa na vijidudu hivyo pasipo kudhurika sana; farasi hana kinga. Jambo hili lilithibitishwa huko Zululand katika miaka ya 1894 na 1895 na David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza. Lakini wenyeji wa nchi za ndorobo walijua tangu kale kwamba mahali fulani hapafugiki.

Basi na tufanye hesabu. Tangu mimba hata siku ya kupandwa mara ya kwanza, farasi huhitaji karibu miaka minne. Farasi aliyeambukizwa nagana, asipopata dawa, mara nyingi hufa katika majuma au miezi michache. Muda wa kumfundisha ni mrefu kuliko maisha yake katika nchi hiyo. Hilo ndilo jibu la swali letu. Watu wa Ruangwa na Nachingwea hawakukosa akili wala saburi ya kumfundisha mnyama. Mnyama mwenyewe hakuishi hata kufundishwa.

Wageni walijaribu. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akafuata bonde la mto Ruvuma, kusini ya nchi hii. Alikuja na ngamia 6, nyati wafugwao 3 pamoja na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4, apate kujua kama wataweza kustahimili ndorobo. Watu aliowakabidhi waliwatesa wanyama wale na kuwatwisha kupita kiasi, hata ikawa vigumu kupambanua ni nani aliyeuawa na ndorobo na ni nani aliyeuawa na mtu.

Vita ya 1914 hata 1918 ilileta farasi wengi zaidi. Mwaka 1916 askari wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya jemadari van Deventer, walipokwenda Kondoa Irangi, farasi wao walikufa kwa wingi. Mwaka uliofuata vita ikaingia huku kwetu. Tarehe 19 Julai 1917 walipigana Narung'ombe, iliyo leo katika wilaya ya Ruangwa. Na mwezi wa Oktoba Waingereza wakaingia Ruponda, iliyo katika wilaya ya Nachingwea, nao walikuwa na wapanda farasi wa Kihindi. Farasi wa namna hii waliletwa kwa meli, wakiwa wamekwisha kufundishwa kwingine, na nchi ya ndorobo iliwamaliza upesi.

Wanyama wakifa, mzigo haufi. Mwaka 1876 Askofu Steere alipowaongoza watu waliookolewa katika utumwa toka Lindi hata Masasi, walikwenda kwa miguu, na vitu vyao vichwani. Katika vita ile kubwa pande zote mbili zilichukua wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Hesabu yao ilikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi chao. Sisemi kwamba ndorobo ndiye aliyeleta kazi ya kulazimishwa. Dhambi hiyo ni ya watu. Lakini pale ambapo mnyama hakuweza kuishi, mwenye nguvu alimtwika mwenzake. Tandiko la nchi hii lilikuwa ngata, ile pete ya majani au nguo iwekwayo kichwani chini ya mzigo. Farasi hungojwa miaka mitatu, mifupa yake ikomae, kabla ya kutandikwa. Mpagazi wa vita hakungojwa hata siku tatu.

Leo twasema kwamba mtu ameshika hatamu za uongozi, na twaonya kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wasemao hivyo ni wengi, na waliopata kushika hatamu yenyewe ni wachache. Neno limefika mahali ambapo mnyama hakufika. Kwa hiyo, mwalimu, ukiulizwa tena habari ya lijamu, eleza chuma, na kinywa, na saburi ya yule afundishaye. Kisha waulize wanafunzi kama nyumbani kwao iko ngata, waambie waende kwa wazee wao wakaulize ilibeba nini. Watarudi na historia ya nchi yao wenyewe.