Msasani
Msasani, kata ya Manispaa ya Kinondoni katika pwani ya kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, asili yake ni kijiji cha wavuvi ambacho umri wake, kwa ushahidi wa makaburi ya kale yenye minara ya mawe, wapita kwa mbali ule wa mji alioanza kuujenga Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wazee wa pale, waulizwapo habari za zamani, aghalabu huanza na minazi na bahari: ngalawa, madema, na wanawake waliotoka maji yakupwapo kutafuta pweza miambani. Katika masimulizi hayo neema husifiwa kuliko taabu, kwani shibe hukumbukwa upesi kuliko njaa. Baadaye, wakati wa ukoloni, Waingereza walijenga jirani mtaa wa Wazungu wa Oyster Bay. Na baada ya uhuru wa 1961 Mwalimu Julius Nyerere akafanya maskani yake Msasani, kisha zikafuata balozi, hoteli na maduka ya fahari. Hata hivyo wavuvi hawakuhama wote, na samaki wangali wakiuzwa ufukweni.