Afya ya wazee wenye VVU

Afya ya wazee wenye VVU ni hali ya mwili na akili ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakiwa na umri mkubwa. Katika tafiti na huduma za VVU, kundi hilo kwa kawaida huanzia miaka 50. Wengine waliambukizwa ujanani na kuishi muda mrefu kutokana na tiba ya mchanganyiko wa ARV, iliyoanza kuenea mwaka 1996. Wengine waliambukizwa ukubwani.

Hata virusi vinapofubazwa kiasi cha kutoonekana katika vipimo, wengi huendelea kusumbuliwa na maumivu, sonona na kupungua kwa nguvu. Matatizo hayo huchocheana: anayeumwa miguu hulala vibaya na kutembea kidogo, misuli hudhoofika, naye mwenye sonona huhisi maumivu kwa ukali zaidi na anaweza kuacha dawa.

Maumivu

Maumivu yanayojulikana zaidi ni ya neva za miguu. Huanza kwenye vidole na nyayo za miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu. Mgonjwa huhisi ganzi, kuchomwachomwa au kuwaka moto, hasa usiku. Husababishwa na virusi vyenyewe au na dawa za zamani kama stavudini na didanosini. Stavudini ilitumika sana Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua kutokana na madhara yake. Neva zilizoharibika zinaweza zisipone kabisa hata baada ya kubadilisha dawa.

Sababu nyingine ni kisukari, pombe, upungufu wa vitamini B12, na isoniazidi inayotumika dhidi ya kifua kikuu. Madhara ya isoniazidi huzuiwa kwa vitamini B6.

Sonona

Sonona huchangiwa na kufiwa, upweke, unyanyapaa na mzigo wa kuficha hali yako kwa miaka mingi. Efavirenzi pia inaweza kuleta ndoto mbaya na huzuni. Kwa kuwa uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula hudhaniwa kuwa ni uzee tu, sonona mara nyingi haitambuliwi. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, husaidia kuibaini.

Moyo na mifupa

VVU huacha mfumo wa kinga ukiwa umechochewa muda wote, jambo linaloongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Utafiti wa REPRIEVE, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa pitavastatini hupunguza hatari hiyo kwa watu wenye VVU wa miaka 40 hadi 75. Tenofoviri ya aina ya TDF inaweza kupunguza uimara wa mifupa, hivyo kuanguka huwa hatari zaidi.

Matibabu

Amitriptilini hutolewa kwa maumivu ya neva, lakini majaribio hayakuthibitisha kuwa inashinda dawa bandia kwa maumivu yatokanayo na VVU, na kwa wazee huleta kizunguzungu. Diklofenaki pamoja na TDF inaweza kudhuru figo, na kabamazepini hupunguza kiwango cha dolutegraviri mwilini. Kwa hiyo mtoa huduma huhitaji kujua dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na za mitishamba. Mazoezi mepesi ya mara kwa mara husaidia misuli, usingizi na hali ya moyo kwa pamoja.