BATA MZINGA WA KRISMASI: NAMNA YA KUMCHOMA MZIMA, NA KWA NINI KIJAZIO KIPIKWE PEMBENI

Kila ikikaribia Desemba naulizwa swali lile lile na watu wa hapa Mwimbi, na wengine wa Matai na Sumbawanga mjini: mtu kafuga bata mzinga mwaka mzima, anataka amtoe sikukuu akiwa mzima mezani kama tunavyoona kwenye sinema, sasa anaanzia wapi? Nimeamua niandike yote sehemu moja, ili mtu akiuliza nimwelekeze hapa.

Kwanza tuwekane sawa. Bata mzinga si bata. Jina tu ndilo limempotosha. Ndugu zake wa karibu ni kuku na kanga, na asili yake ni Amerika, ambako watu wa Mexico walimfuga zamani sana kabla Wahispania hawajampeleka Ulaya miaka ya 1500. Waingereza wakamfanya kitoweo cha Krismasi, na kwetu akaja kwa mkondo huo huo wa wageni. Huku Ufipa Krismasi ya kawaida ni kuku wa kienyeji, wali na nyama ya ng'ombe kwa aliyejaliwa, kwa hiyo mwenye bata mzinga anakuwa na jambo kubwa mkononi. Ni ndege mmoja, gharama yake kubwa, na wageni wanamjua kwa jina kabla hajachinjwa! Ukimharibu, umeharibu sikukuu.

Na mimi nilishamharibu. Mwaka juzi kwa bibi nilimjaza tumboni mkate, vitunguu na maini, nikamshona kwa uzi, nikamchoma. Nje alikuwa mwekundu anapendeza, picha tukapiga. Tulipofika katikati ya kijazio kilikuwa vuguvugu, kina majimaji ya waridi. Watu wazima tuliacha, lakini watoto wawili walishachota wakala. Usiku huo huo tukawa njiani na pikipiki kwenda zahanati, mvua inanyesha, mtoto anatapika mgongoni kwa mama yake. Walipona, namshukuru Mungu. Tangu hapo kijazio napika pembeni na sibishani na mtu.

Sababu yenyewe ni rahisi. Kile wanachosokomeza tumboni mwa ndege, wapishi wa hotelini wanakiita stafingi, mimi nakiita kijazio. Kikiwa ndani kinanyonya damu na maji ya nyama mbichi, yaani kinabeba wadudu kama salmonela. Wadudu hao wanakufa nyama ikifika joto la nyuzi 74. Lakini joto linatoka nje kwenda ndani, na katikati ya kijazio ndiyo sehemu ya mwisho kabisa kupata moto. Ukisubiri kifike 74, kidari kimeshakauka kama gome. Ukitoa mapema kidari kikiwa kizuri, kijazio bado hakijaiva. Kukitoa nje kunamaliza ugomvi wote, na ndege anaiva haraka kwa sababu hewa ya moto inapita tumboni.

Tuje kwenye ndege mwenyewe. Jike la miezi 7 au 8 ndilo tamu la kuchoma. Dume kubwa ni la kupendeza macho tu, nyama yake ina kazi. Mshike kidari, ncha ya mfupa ikipinda kidogo ukiibonyeza bado kijana. Ikiwa ngumu kama jiwe na miiba ya miguuni imerefuka, huyo mzee, na mzee utamchemsha kwanza, nitaeleza. Usiku wa kuamkia kuchinja usimpe chakula, mpe maji tu, utumbo uwe mtupu. Na kama una wageni Waislamu, mwite jirani Muislamu achinje, mambo yaishe mapema bila mtu kukaa mezani anaangalia sahani.

Kunyonyoa ndiko wengi wanakochana ngozi. Maji yanayotokota ni moto kupita kiasi. Yanatakiwa kama nyuzi 60 hadi 65. Kwa hapa kwetu mimi nachanganya sufuria 3 za maji yaliyochemka na 2 za maji ya baridi, namzamisha ndege kama dakika moja nikimgeuza, halafu nanyonyoa. Manyoya ya mabawa yakivutika bila kung'ang'ania, umepata. Mkitoa utumbo angalieni nyongo isipasuke. Weka pembeni shingo, ini na firigisi, hivyo ni vya kijazio. Msuuze kwenye beseni taratibu, siyo kwenye bomba maji yanaruka mpaka kwenye kachumbari. Beseni, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa suala la muda, na hapa naomba msome polepole. Mwenye friji achinje tarehe 24, ampake chumvi ndani na nje (kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo 2 hivi kinatosha), amlaze kwenye friji hadi asubuhi. Nyama inalainika na chumvi inaingia. Asiye na friji asijidanganye na baridi ya Ufipa. Ni kweli usiku unajifunika blanketi mbili, lakini baridi hiyo si ya kutunza nyama mbichi mpaka kuche. Wadudu wanazaliana kuanzia nyuzi 5 mpaka 60. Chinja tarehe 25 saa 12 asubuhi, saa 1 awe safi, mpake chumvi, na saa 2 na nusu awe kwenye moto. Asikae mbichi zaidi ya saa 2. Hii ina maana mpishi asali misa ya mkesha, ya asubuhi awaachie wengine.

Ndani ya tumbo weka kitunguu kizima kilichokatwa mara mbili, limau na tangawizi iliyopondwa. Hivyo ni vya harufu, vinatupwa, haviliwi. Nje mpake mafuta ya alizeti yaliyochanganywa na kitunguu saumu na pilipili manga. Alizeti ya huku tunaikamua wenyewe, hakuna haja ya kutafuta siagi ya dukani. Funga miguu pamoja kwa uzi, kunja mabawa nyuma yasiungue.

Moto. Wenye oveni ya umeme au gesi kazi yenu nyepesi: nyuzi 165, ndege asiyejazwa wa kilo 5 na nusu hadi 6 na nusu achukue kama saa 3 hadi 3 na dakika 45, wa kilo 7 au 8 kama saa 4. Huo ni uzito baada ya kunyonyolewa na kutolewa utumbo, siyo wa pale sokoni anapopiga kelele. Akianza kuwa mwekundu mno kifuani mfunike kwa karatasi ya foili.

Wengi wetu hatuna oveni. Kuna tanuri la matofali ya udongo, lile la kuokea mikate, na kama jirani analo ombeni. Washa kuni ndani saa 2 nzima. Desemba kuni zimelowa, kwa hiyo zianikwe jikoni wiki moja kabla, la sivyo utapuliza moshi hadi mwaka mpya. Matofali yakishika moto, kokota makaa yote nje, kisha nyunyiza unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri. Ukiungua mweusi papo hapo, subiri. Ukiwa wa kahawia ndani ya dakika moja hivi, ingiza ndege kwenye trei yenye maji kikombe kimoja, ziba mlango kwa bati na udongo mbichi. Usifungue fungue! Kila ukichungulia unatoa joto ambalo halirudi, maana makaa hayamo tena. Fungua baada ya saa 2 na nusu umwangalie. Akiwa bado, na tanuri limepoa, rudisha makaa machache pembeni uzibe tena.

Njia ya tatu ni sufuria kubwa ya shughuli, tunapalia mkaa juu na chini kama keki. Tandika vipande vya kuni vya kijani au mawe madogo safi chini ili ndege asigusane na sufuria, mimina vikombe 2 vya maji, funika kwa mfuniko wa bati, mkaa kidogo chini na mwingi juu. Ukweli nitausema: ndege wa kilo 8 haiingii sufuria nyingi za nyumbani, na akiingia kwa kusukumwa anaungua kifua paja likiwa bichi. Kwa huyo, mkate vipande vinne. Picha haitakuwa ya sinema lakini mtakula vizuri, na vipande vinaiva kwa nusu ya muda.

Yule mzee niliyesema, mchemshe kwanza kwa saa moja na nusu hadi 2 na chumvi na tangawizi, ndipo umpake mafuta na kumwingiza kwenye moto mara moja apate rangi. Usimchemshe nusu jioni ukamaliza kesho, hapo unawalea wadudu. Na mkumbuke tuko juu. Uwanda wa Ufipa uko kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000, Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage ya huku yanakula kuni kuliko ya Dar. Ukisoma kitabu cha upishi kilichoandikwa pwani kinasema chemsha saa moja, wewe ongeza.

Ameiva? Kipimajoto cha nyama ndicho cha kuaminika: kichome kwenye paja nene bila kugusa mfupa, kisome 74 au zaidi, na kidari vivyo hivyo. Kama huna, kata pale paja linapoungana na mwili hadi kwenye mfupa. Nyama isiwe na wekundu wa ubichi, maji yawe meupe, na mguu ukiutikisa uwe unacheza. Vyote vitatu, siyo kimoja. Akitoka mwache atulie nusu saa kabla ya kukata, maji yarudi ndani ya nyama. Watoto watalia lakini wavumilie.

Nusu saa hiyo ndiyo ya kumalizia kijazio. Kwa watu 12 hivi mimi natumia: mkate mkavu wa jana kilo 1 uliokatwa vipande vidogo, vitunguu maji 4, karoti 3, hoho 2, kitunguu saumu punje 4, karanga zilizokaangwa kikombe kimoja na nusu, mayai 3, mafuta nusu kikombe, chumvi na pilipili manga. Asubuhi chemsha shingo na firigisi saa moja na nusu upate supu. Ini linaingia dakika 10 za mwisho. Katakata firigisi na ini. Kaanga vitunguu mpaka vilainike, weka karoti na hoho, halafu changanya na mkate, karanga na nyama. Mimina supu vikombe 3, ongeza kidogo kidogo mpaka mkate uloe bila kuwa uji. Supu ikipoa kidogo koroga na mayai. Pakaza sufuria pana mafuta, tandaza, funika, mkaa juu na chini dakika 35 hadi 40. Katikati ikaze, pembeni ikauke na kuita. Wanaosema kijazio cha nje hakina ladha hawajajaribu hili: dakika 15 kabla hakijaiva, chota yale mafuta na maji yaliyodondoka chini ya ndege umwagie juu. Ladha yote iliyomo tumboni unaipata hapo, tena imeiva.

Karanga zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu, tupa, kuku nao usiwape. Sumukuvu haifi kwa kukaangwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Uyoga nao unaingia vizuri kwenye kijazio na Desemba umejaa porini, ila ule tu ambao wazee wa nyumbani wanaujua kwa jina. Wa kubahatisha uacheni huko huko.

Maji ya trei yaliyobaki yachemshe na kijiko cha unga wa ngano, limau kidogo, ndio mchuzi.

Kuhusu kiporo: chakula kisikae mezani zaidi ya saa 2, hata kama mgeni maalumu bado yuko njiani kutoka Kasesya. Mwenye friji atenganishe nyama na mifupa, aweke kwenye vyombo vifupi, imalizwe ndani ya siku 3 au 4. Asiye na friji agawe kwa majirani jioni hiyo hiyo, wao wakile siku hiyo hiyo kikiwa kimechemshwa tena mpaka kitokote. Mifupa irudishwe sufuriani usiku huo na viazi na vitunguu, hiyo supu mimi naipenda kuliko ndege mwenyewe.

Mwenye njia yake ya tanuri, hasa mliopika kwenye matanuri ya mikate, andikeni hapo chini. Nataka kujua mnazuiaje kidari kisikauke akikaa zaidi ya saa 4.