Akaunti ya pamoja kwa wenza wanaotarajia mtoto: mkubaliane nini kabla ya kusaini?

Nchini Tanzania, wenza ambao hawajafunga ndoa wanaweza kufungua akaunti ya pamoja benki. Akaunti hii si ya wanandoa peke yao. Hata ndugu wawili au watu wanaofanya biashara pamoja huifungua. Benki inataka kumtambua kila mwenye akaunti. Kwa wanaotarajia mtoto, jambo zito ni sehemu moja ya fomu: nani ataruhusiwa kutoa fedha?

Mnachotakiwa kuwa nacho

Kila mmoja aende na kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, pamoja na namba yake ya simu. Benki nyingine huomba pia picha za pasipoti na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji au mtaa. Masharti hutofautiana, hivyo pigeni simu kwanza kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini. Kwa kawaida wote wawili husaini, kwa hiyo ni vyema kwenda mapema, mama angali na nguvu za kusafiri.

Nani anatoa fedha?

Njia ya kwanza ni yeyote kati yenu kutoa peke yake. Ni ya haraka, lakini mmoja anaweza kumaliza akiba yote na benki isiwe na kosa, kwa sababu ninyi ndio mliompa ruhusa hiyo.

Njia ya pili ni lazima wote wawili wasaini. Hii inalinda akiba. Lakini uchungu ukianza usiku wakati baba yuko machimboni au kwenye kambi ya uvuvi, fedha zitakuwepo na hazitatoka. Mara nyingi akaunti ya namna hii haina kadi wala haitolewi fedha kwa simu.

Kwa hiyo wenza wanaochagua saini mbili wasiweke kila kitu humo. Fedha za usafiri, vifaa vya kujifungulia na dharura zibaki kwenye simu ya mama. Akiba ya baadaye, kama ya kiwanja au mtaji, ndiyo ikae kwenye akaunti ya pamoja.

Mkitengana

Mkigombana, benki haitaamua nani alichangia zaidi. Tunzeni stakabadhi na ujumbe wa simu wa kila mnachoweka.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na kutambulika kwa jamii kama mume na mke, watadhaniwa kuwa wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Hata ikishindwa, mwanamke anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto.

Mmoja akifariki

Benki ikipata taarifa ya kifo inaweza kuzuia akaunti mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Anayebaki na mtoto mchanga anaweza kukaa muda mrefu bila fedha, hasa kama ndugu wa marehemu hawamtambui. Mtoto akizaliwa, msajilini mapema na hakikisheni cheti chake cha kuzaliwa kinaonyesha majina ya wazazi wote wawili. Ni ushahidi muhimu kwake katika mirathi.

Maswali ya kuuliza benki kabla ya kusaini

1. Makato ya kila mwezi ni kiasi gani?
2. Tunaweza kuweka na kutoa fedha kwa wakala au kwa simu?
3. Je, ujumbe wa kila muamala utatufikia wote wawili?
4. Mmoja akitaka kubadili utaratibu wa saini au kufunga akaunti, ni lazima mwenzake akubali?
5. Mmoja akifariki, anayebaki anatakiwa kuleta nini?

Msiposomeka vizuri maandishi ya fomu, ombeni msomewe kwa Kiswahili, na muondoke na nakala yenu.