Kabla ya kufunga matairi makubwa, iangalie ekseli kwanza

Mvua za El Nino za mwisho wa mwaka 2023 zilipozidi katika delta ya Tana, binamu yangu alikuwa miongoni mwa watu wachache wa upande wake wenye gari la kupita matopeni. Hilux, inavuta mbele na nyuma, imeinuliwa, na chini yake matairi ya inchi 35. Usiku mmoja alipigiwa hodi ampeleke mama mja mzito hospitali. Hawakufika mbali. Katikati ya tope gari lilitoa mlio kama wa bunduki, upande mmoja wa nyuma ukalala chini, na gurudumu likaanza kutoka nje pamoja na kipande cha hafushafti. Yule mama alimaliza safari juu ya trekta ya shamba, kwenye mvua, baada ya masaa manne. Alhamdulillahi, yeye na mtoto wako salama.

Nayasimulia haya kwa aibu, kwa sababu mimi nina diploma ya ufundi wa mitambo, na mimi ndiye niliyemwambia matairi yale yatamfaa. Nilihesabu urefu wa gari kutoka chini. Sikuhesabu ekseli. Tangu siku hiyo kila kijana anayeniuliza kuhusu matairi makubwa namjibu kwa swali: ekseli yako ni ya aina gani? Wengi hawajui. Makala haya ni kwa ajili yao.

Tairi kubwa linafanya nini

Ekseli ni ile nyumba ya chuma inayobeba difu. Ndani yake mna hafushafti mbili, moja kwa kila gurudumu, zinazopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye tairi. Kiwandani vyuma hivi vilipimwa kwa tairi la kipimo fulani na mzigo wa kiasi fulani. Hilux nyingi huja na tairi kama 265/65R17, ambalo kipenyo chake ni karibu inchi 30.6. Ukiweka la inchi 35, umeongeza zaidi ya asilimia 14.

Fikiria spana ya kufungulia nati. Mpini ukiwa mrefu, nguvu ile ile ya mkono inazungusha zaidi. Tairi ni mpini, na ardhi ndiyo mkono. Tairi likinasa kwenye mwamba au mzizi, hafushafti husokotwa kwa nguvu iliyoongezeka kwa asilimia 14 hiyo hiyo. Tena tairi la inchi 35 huweza kupita kilo 30 bila rimu. Uzito huo ukizunguka hewani kisha ukashika ardhi ghafla, pigo lake lote hupokewa na hafushafti na meno ya difu. Hivyo ndivyo nyingi zinavyokatika: dereva amekanyaga mafuta, tairi linazunguka bure kwenye tope, mara linapata pa kushika.

Na faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kutoka inchi 30.6 hadi 35, difu inapanda kutoka chini kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani kama sentimita 5 na nusu. Kuinua springi hakuiinui difu hata kidogo. Kunainua bodi tu, na difu inabaki pale pale inapokwangua.

Ekseli inayobeba na ekseli inayozungusha tu

Hili ndilo jambo ambalo lau ningelizingatia, yule mama asingepanda trekta.

Ekseli za nyuma ni za namna mbili. Ya kwanza, hafushafti inafanya kazi mbili kwa pamoja: inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari, kwa sababu gurudumu limefungwa kwenye ncha yake. Hilux na Suzuki nyingi ziko hivi. Hafushafti ikikatika nje karibu na beringi, gurudumu linatoka. Mkiwa barabara kuu kwenye mwendo wa kasi, hilo ni janga.

Ya pili, uzito wote unabebwa na habu yenye beringi mbili, iliyokaa juu ya nyumba ya ekseli yenyewe. Hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu. Land Rover Defender ziko hivi, na Land Cruiser nyingi za kazi vilevile. Hafushafti ikikatika unafungua bolti za kifuniko cha habu, unaichomoa, unaziba tundu, na kama gari linavuta pia kwa mbele unajikokota hadi nyumbani. Wenye Land Rover za zamani wanalijua hili vizuri. Hafushafti zao zilikuwa na sifa ya kukatika, na wengi walibeba ya akiba kama wanavyobeba tairi la spea.

Kuitambua ni rahisi. Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona habu imetokeza nje na kifuniko chake kimefungwa kwa bolti mzunguko mzima, hiyo ni ya aina ya pili. Ukiona pako bapa, kuna stadi za gurudumu tu, ni ya kwanza. Kwa gari linalobeba wagonjwa, wanafunzi au mizigo mahali ambapo hakuna gereji, mimi sasa nasema ekseli ya aina ya pili kabla ya kitu kingine chochote.

Namba ya difu

Difu ina namba yake, mathalani 4.10. Maana yake propela shafti huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi likikua, gari linakuwa zito kuondoka, klachi inaumia, na gia ya tano inakuwa pambo. Hesabu ya kurudisha hali ni nyepesi: namba ya zamani mara kipenyo kipya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. Kwa mfano wetu, 4.10 mara 35, gawanya kwa 30.6, unapata karibu 4.69. Gia zinazouzwa kwa Toyota ni kama 4.56 na 4.88. Anayekwenda safari ndefu za lami achukue ya kwanza. Anayebeba mzigo kwenye mchanga na milima achukue ya pili.

Kuna mambo mawili mafundi wetu hawayasemi. Moja, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na namba moja. Zikitofautiana, siku utakayofunga nguvu ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu vyuma vitapigana wenyewe kwa wenyewe mpaka kimoja kivunjike. La pili, kuongeza namba ya difu kunaipumzisha gia boksi na propela, lakini hakuipumzishi hafushafti, maana nguvu inayotoka kwenye difu ni kubwa zaidi. Na pinioni yenyewe inakuwa ndogo kadiri namba inavyopanda, basi meno yake yana nyama kidogo.

Difu loki nayo ni rafiki mwenye masharti. Ikiwa wazi, difu hugawa nguvu sawa pande mbili. Ikifungwa na tairi moja liko hewani, nguvu yote inakwenda kwenye hafushafti ya upande unaoshika ardhi. Ukiweka loki bila kuimarisha hafushafti, umenunua shoka la kukatia mguu wako.

Kuimarisha au kubadilisha?

Si kila mtu anahitaji ekseli mpya. Kwa gari la ukubwa wa Hilux au Land Cruiser, mimi naigawa hivi.

Mpaka inchi 33, ekseli ya kiwandani inatosha ikiwa nzima. Weka beringi mpya, oili sili mpya, oili mpya ya difu, na uendeshe kwa adabu.

Kwa inchi 35, baki na nyumba ile ile lakini badilisha hafushafti ziwe za chuma cha kromoli, na ubadilishe namba ya difu. Mbele, angalia sana jointi za hafushafti kwenye magurudumu yanayokata kona. Gari lenye springi huru mbele likiinuliwa sana, jointi hizo hufanya kazi zikiwa zimepinda, na hapo ndipo zinapokatika.

Kwa inchi 37 kwenda juu, au kwa gari zito lililojengwa bodi na matangi, ndipo ekseli nzima ya kubadilisha inapoanza kuwa na maana. Wengine hutafuta ekseli za habu zenye gia, kama za Unimog. Hizo huweka nyumba ya ekseli juu kuliko kitovu cha gurudumu, hivyo difu inapanda kweli. Tena gia ya kwenye habu inaipunguzia hafushafti mzigo. Ni kazi nzuri, lakini bei yake huweza kuishinda bei ya gari lenyewe.

Kumbuka pia kwamba nguvu iliyokosa pa kuvunja itatafuta pengine. Ukiimarisha hafushafti, pinioni ndiyo itakayofuata. Ukiimarisha pinioni, propela. Chagua mwenyewe ni wapi pavunjike, pawe mahali unapoweza kupafungua ukiwa chini ya mkunazi na boksi la spana, na ubebe spea yake.

Ukienda kununua

Chukua tepu ya kupimia. Pima upana kutoka uso wa gurudumu mmoja hadi wa pili, kwa sababu ekseli pana kuliko bodi itakupa matairi yanayochungulia nje. Hesabu stadi: Hilux ina 6 kwenye duara la milimita 139.7, Land Rover Defender 5 kwenye 165.1, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 za tangu 1999 zina 5 kwenye 150. Ekseli ya mbele na ya nyuma zisipolingana, utabeba matairi mawili ya spea.

Kwa ekseli ya mbele, tazama difu imekaa upande gani, kwa sababu lazima ielekeane na mahali propela inapotokea. Ekseli za Marekani kama Dana 44 na Dana 60 nyingi zilitengenezwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Kwetu usukani uko kulia, na kuzihamisha fimbo za stiyaringi si kazi ya fundi wa kuunga bomba.

Ikiwa ni ya mtumba, fungua difu kabla hujatoa pesa. Angalia meno ya gia, tikisa beringi, weka fimbo iliyonyooka juu ya nyumba ya ekseli uone kama imepinda. Sisi wa pwani tuongeze moja: oili ikiwa nyeupe kama tui la nazi, maji yameingia, na yakiwa ya bahari beringi zimekwisha hata kama zinang'aa. Kwa gari lako mwenyewe, panda mpira wa kupumulia difu uuvushe juu karibu na injini, na ukitoka kwenye mchanga wa ufukweni osha chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Breki na mita

Tairi linalokua linapunguza nguvu ya breki kwa kiasi kile kile linavyoongeza mpini. Ikiwa huna pesa ya breki kubwa, huna pesa ya matairi makubwa. Mita nayo inadanganya: kwa mfano wetu, ikisoma 80 wewe uko karibu 92. Na iarifu kampuni ya bima kuhusu mabadiliko uliyofanya, usije ukaulizwa baada ya ajali.

Binamu yangu aliniuliza kama anunue ekseli nzima. Tulikaa tukahesabu: mzigo wake, njia zake, fedha zake. Mwisho aliyauza yale matairi, akafunga 235/85R16, membamba, ya karibu inchi 32, yanayolikata tope mpaka chini penye ardhi ngumu. Akaweka hafushafti mpya na beringi mpya pande zote mbili. Gari lake sasa halipigwi picha na vijana kama zamani.

Bado anapigiwa hodi usiku, na sasa nikisikia ametoka kwenye mvua, nalala.