"Ditch", Mtaro na Handaki: Asili na Maana

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tulichunguze neno moja la Kiingereza ambalo aghalabu hulipita bila kulitazama: "ditch". Ukimtaka mwanafunzi wa kidato cha pili alitafsiri, atakujibu papo hapo kuwa ni "mtaro". Jirani yake atasema "handaki". Je, yote mawili ni sawa? Tusikimbilie kujibu.

Neno hili ni kongwe. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "dic", nalo lilibeba maana mbili kwa pamoja: shimo refu lililochimbwa, na tuta la udongo uliotolewa shimoni humo. Lisikushangaze jambo hili. Mchimbaji anayerusha udongo kando hupata shimo na ukuta kwa kazi moja. Kusini mwa England sauti ya mwisho ililainika, likawa "ditch". Kaskazini, walikokaa walowezi wa Kinorse, ilisalia ngumu, likawa "dike" au "dyke". Kumbe maneno haya ni pacha! Baadaye yaligawana urithi: "ditch" likabaki na shimo, nalo "dyke" likaegemea tuta, huko Uskoti hata ukuta wa mawe huitwa hivyo. "Dijk" ya Waholanzi ni tuta la kuzuia bahari, ilhali Wajerumani wana "Deich" kwa tuta na "Teich" kwa kidimbwi. Atakaye ushahidi wa macho na autazame mpaka wa England na Wales. Boma la udongo linalohusishwa na Offa, mfalme wa Mercia kati ya 757 na 796, lingali na tuta na mtaro wake sambamba, mtaro ukielekea Wales.

"Trench" lina nasaba nyingine: Kifaransa cha Kale, katika kitenzi chenye maana ya kukata.

Na handaki letu? Hili tumelipata kwa Waarabu, wanaosema "khandaq", nao walilipata kwa Waajemi, kwao likiwa na maana ya kitu kilichochimbwa. Zingatia utohozi wake: "kh" imekuwa "h", "q" imekuwa "k", na irabu "i" ikaongezwa mwishoni ili neno lifuate silabi zetu. Mwaka 627 Waislamu wa Madina walichimba khandaq kuwazuia wapandafarasi wa Makureshi, kwa ushauri, kama yasemavyo mapokezi, wa Salman, aliyekuwa Mwajemi. Mbinu na neno vilitoka upande mmoja. Kwa hiyo handaki lilikuja kwetu likinuka vita, na harufu hiyo haijalitoka. Boma la Yesu mjini Mombasa, lililojengwa kati ya 1593 na 1596, lina handaki. Barabara iendayo sokoni ina mtaro. (Mfereji una visa vyake: ndio uliopewa heshima ya Suez mwaka 1869, na ndio huohuo wa "maji ya mfereji" yatokayo bombani.)

Sasa turudi kwenye fasihi, maana hapa ndipo mfasiri hupotea. Katika *Macbeth* ya Shakespeare, Tendo la Tatu, Onyesho la Nne, muuaji anamwarifu bwana wake kuwa Banquo amelala ndani ya "ditch", kichwani ana majeraha ishirini. Majeraha hayo yanaelezwa kwa neno lililozaliwa na "trench", yaani yamekatwa yakazama kama mitaro. Ukiandika "handaki" hapo, umempa Banquo kifo cha askari aliyefia vitani. Hakufa hivyo. Aliviziwa usiku na wauaji wa kukodiwa, akatupwa mahali pa maji machafu. Mtaro ndio unaobeba aibu ya tendo lenyewe, na mtahiniwa anayejadili usaliti wa Macbeth hana budi kuiona aibu hiyo. Katika Tendo la Nne wachawi wanatia chunguni kidole cha kitoto kilichozaliwa mtaroni. Jaribu kuandika "handakini" hapo, uone kama sentensi itakubali.