Sentimita 15

Mara ya kwanza regyuleta kunifungukia nilikuwa mita tano chini ya maji, kwenye ghuba ya Chole kule Mafia. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: itoe mdomoni, puliza viputo vidogo vidogo ili usibane pumzi, irudishe. Niliitoa. Kabla sijafanya kingine ikaanza kunguruma na kutapika hewa mbele ya uso wangu, nikawa sioni kitu ila povu jeupe. Mwalimu akanyoosha mkono, akaigeuza ielekee chini kwa vidole viwili. Ikanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa.

Tulipopanda boti nikamwuliza, "Kaka, kile kifaa changu kimeharibika nini?"

"Hakijaharibika, mdogo wangu. Umekielekeza mdomo juu. Ukikielekeza juu, lazima kimwage."

Ile "lazima" ndiyo iliyonikera. Mimi nimesoma historia, fizikia niliiacha kidato cha pili na hatukuagana vizuri, kwa hiyo nikaitafuta "lazima" hiyo mahali ninapojua kutafuta. Nikakuta kosa langu lina umri sawa na kifaa chenyewe.

Mtungi wa mzamiaji hubeba hewa iliyoshindiliwa hadi mgandamizo wa mara 200 hivi ya hewa tunayoishi ndani yake. Huwezi kuivuta hivyo ukabaki na mapafu. Regyuleta huipunguza kwa hatua mbili, ya kwanza imefungwa kwenye mtungi, ya pili iko mdomoni. Ndani ya hiyo ya mdomoni kuna kiwambo cha mpira, maji upande huu na hewa yako upande ule. Ukivuta pumzi, kiwambo hunyonywa ndani na kukanyaga wenzo mdogo, wenzo hufungua vali, hewa inakuja. Ukiacha kuvuta, kiwambo hurudi mahali pake na vali hujifunga. Kama unapikia gesi, juu ya mtungi wako jikoni kuna ndugu yake.

Kufungua hakujawahi kuwa shida, shida ilikuwa kufunga. Kuanzia miaka ya 1830, wazamiaji wa Ulaya waliovaa helmeti za Augustus Siebe wa London walipelekewa hewa na watu waliosukuma pampu huko juu bila kupumzika. Ziada ilijitokea yenyewe. Miaka ya 1860 Wafaransa wawili, Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi, na Auguste Denayrouze, ofisa wa jeshi la majini, walitengeneza kifaa chenye kiwambo kilichotoa hewa pale tu mtu alipoivuta. Kilikuwa cha ajabu kiasi kwamba Jules Verne alikitaja ndani ya riwaya yake ya safari za chini ya bahari. Lakini mitungi ya zama zao haikuweza kubeba hewa ya kutosha, mzamiaji akabaki amefungwa kwa mpira kwenye pampu ya juu. Wazo likalala.

Mwaka 1933 Yves Le Prieur, naye mtu wa jeshi la majini la Ufaransa, alikuwa na mtungi imara. Kiwambo hakukitumia. Mzamiaji wake alifungua koki kwa mkono, na hewa ikatiririka kwenye barakoa muda wote, avute asivute. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo. Kile nilichokiita kuharibika, kwa Le Prieur ndiyo ilikuwa kazi ya kawaida ya kifaa. Bei yake ilikuwa muda: hewa nyingi ilikwenda na viputo, na mtu hakukaa chini sana.

Mmoja wa waliokitumia na kukichoka ni Jacques-Yves Cousteau. Desemba 1942, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, alikwenda kumwona Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide. Petroli ilikuwa haipatikani na magari ya raia yalikuwa yakigeuzwa yatumie gesi. Gagnan alikuwa na vali mezani kwa kazi hiyo hiyo: injini ikinyonya, gesi inapita, injini ikiacha, vali inafunga. Cousteau alikuwa akitafuta kitu cha namna hiyo, ila injini yake ilikuwa mapafu.

Siwezi kuisimulia sehemu hii kwa furaha tupu. Mfaransa mwingine, Georges Commeinhes, alikuwa na regyuleta yake miaka hiyo hiyo, na watu waliizamia. Aliuawa vitani mwaka 1944. Wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake, na sababu ni kwamba hakuishi hadi amani ilipokuja kuuza vitu.

Mwanzoni mwa 1943 Cousteau na Gagnan walikwenda mto Marne, nje kidogo ya Paris. Gagnan alibaki ukingoni. Cousteau aliingia kwenye maji ya baridi kali, akajilaza, akapumua vizuri. Kisha akasimama wima: hewa ikaanza kumwagika ovyo, viputo vikipanda kwa fujo. Akajigeuza kichwa chini, miguu juu: sasa hewa ikawa haivutiki. Kifaa kilichofanya kazi ukilala tu. Mzamiaji gani hainuki wala hainami?

Jibu walilipata kwenye gari wakirudi mjini. Tundu la kutolea pumzi lilikuwa limekaa inchi sita, kama sentimita 15, juu ya kiwambo cha kuingizia hewa. Maji yana uzito, na kila unaposhuka mita kumi mgandamizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu. Kwa sentimita 15 nyongeza ni asilimia moja na nusu tu, lakini kiwambo kimetengenezwa kisikie pumzi ya binadamu, hivyo kwake hiyo ni nguvu kubwa. Cousteau aliposimama, maji yalikisukuma kiwambo cha chini kuliko yalivyozuia tundu la juu. Hewa ikaona njia, ikaenda zake. Alipojigeuza, mambo nayo yakageuka. Walichofanya ni kulihamisha tundu, likae karibu kabisa na kiwambo, kimo kimoja. Wakajaribu tena kwenye tangi la maji mjini Paris, na kumwaga kukaisha. Kufika Juni Cousteau alikuwa akizamia nacho baharini huko Bandol, kusini mwa Ufaransa.

Ndiyo "lazima" ya mwalimu wangu. Nilipoielekeza mdomo juu, kiwambo kilikuwa chini na mlango wa kutokea juu. Nilikuwa nimeirudia asubuhi ya Marne kwa mkono mmoja.

Gagnan alihamia Kanada mwaka 1947 akaendelea kuchora vifaa vya kuzamia. Filamu zilimchukua Cousteau.

Miaka miwili baada ya somo lile nilikuwa nimefuzu kuwa msaidizi wa mwalimu. Kati ya kazi zangu ilikuwa kuosha vifaa jioni. Kiangazi kile maji baridi yalikuwa ya shida, tukawa tunatumia beseni moja kutwa nzima, na chini ya beseni palikuwa na mchanga. Nilikuwa na haraka. Nilizitumbukiza, nikazitikisa, nikazitundika.

Kesho yake mwanafunzi mmoja wa chuo kutoka Dar alikuwa kwenye mbizi yake ya pili, mita 12, mimi nikiwa nyuma yake. Maji kidogo yaliingia mdomoni, akafanya alivyofundishwa, akabonyeza kitufe cha mbele kuyatoa. Kitufe hakikurudi. Nikaijua ile ngurumo kabla sijaliona povu. Nikaigeuza ielekee chini: haikunyamaza. Nikaigonga, nikabonyeza kitufe mara mbili harakaharaka: wapi. Sindano ya geji yake ilikuwa inashuka kwa macho. Nikampa regyuleta yangu ya akiba, nikamshika koti, tukapanda taratibu huku nikimwonyesha kwa mkono: toa pumzi, toa pumzi. Macho yake nyuma ya kioo yalikuwa makubwa mno.

Vali hizi hutengenezwa ili zikikwama zikwame wazi, zimwage hewa badala ya kuinyima. Kwa hiyo alikuwa na hewa muda wote, nyingi kuliko alivyohitaji, kwa dakika chache. Hilo nalijua. Mikono yangu haikulijua. Nilishindwa kufungua vizibo vya koti lake mpaka nahodha alipokuja kunisaidia.

Mwalimu alikifungua kifuniko palepale botini. Pembeni mwa kitufe palikuwa na chembe mbili za mchanga, zimekibana ndani, kitufe kikikikandamiza kiwambo na kiwambo wenzo.

Yule dada alikuwa amejifunika taulo, anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Akaniuliza, "Kimeharibika nini?"

Nikamwambia ni mchanga, na kwamba aliyekiosha jana yake ni mimi.